Farasi Mia Nne wa Wifi

"Mashine yako ina wivu," wifi yake Fundi alisema. "Farasi mia tatu sitini na moja? Hiyo ni gari ya kusambazia mikate."

Alisema hivyo akiwa ameketi nyuma ya usukani, mikanda imemkaza mabegani, dirisha limeshushwa ili maneno yapite vizuri. Fundi alikuwa upande wa pili wa kioo, ndani ya kijumba chake cha kupimia. Alikuwa akitazama mistari miwili ambayo kompyuta ilikuwa imemaliza kuichora, mmoja wa nguvu na mwingine wa msukumo, na mistari yenyewe ilikuwa mizuri. Ilipanda taratibu, ikakutana, ikapishana bila kugombana. Laiti na watu wangekuwa hivyo.

Gari lilikuwa la michezo, la milango miwili, la kijivu, limefungwa kwa mikanda minene kwenye sakafu ya zege. Tairi zake za nyuma zilikalia magurudumu mawili ya chuma yaliyozamishwa sakafuni, ambayo gereji nzima iliyaita rola. Juu ya rola gari hukanyagwa mpaka mwisho na haliendi popote. Yale magurudumu ya chuma ndiyo yanayozungushwa, na kwa namna yanavyozungushwa kompyuta hujua ndani ya injini mna nguvu za farasi wangapi. Watu huja na farasi mia tano mdomoni, wakaondoka na mia mbili na kitu. Ndiyo maana mwenye kazi ya rola hana marafiki wengi.

Na huyu hakuwa rafiki tangu mwanzo. Alikuwa dada mkubwa wa mume wa Fundi, aliyemlea mdogo wake baada ya mama yao kufariki, akambeba mgongoni, akamwogesha, akamsomesha, na alipokua akamwona anaoa mwanamke mwenye grisi kwenye kucha. Siku ya harusi wifi mtu alitoa zawadi mbele ya watu wote: katoni nzima ya sabuni ya kufulia, imefungwa utepe. "Ya mikono," alisema. Ukumbi ukacheka. Bi harusi naye akacheka, kwa kuwa bi harusi halii kwa ajili ya sabuni, lakini tangu siku ile alimchukia. Tuseme tu kama ilivyo. Alimchukia, na wifi yake alimchukia pia, na kila mmoja alijua chuki ya mwenzake ilivyo na uzito.

Lakini gereji yenye rola ya kuaminika ilikuwa moja tu, na barabara ya mlimani ilikuwa ikimngoja wifi mtu kwenye mashindano ya Jumamosi ijayo. Kwa hiyo alikuja. Alikuja na mashoga wawili wa kumpigia picha, miwani kichwani, simu mkononi, na karatasi ya gereji nyingine iliyosema gari lilelile lina farasi mia nne na kumi na nne.

"Hebu nione hiyo," Fundi alisema.

Shoga mmoja aliipitisha kwenye kidirisha. Fundi hakutazama namba kubwa ya katikati, ile ambayo kila mtu huitazama. Alitazama maandishi madogo ya pembeni, na hapo mdomo wake ukataka kucheka, akauzuia.

"Chumba cha wenzetu kilikuwa na joto sana?" aliuliza.

"Joto la wapi? Mle mna kiyoyozi. Nilikaribia kuomba blanketi."

"Humu wameiambia mashine kwamba kulikuwa na joto la nyuzi hamsini na mbili. Na kwamba gereji iko juu kabisa ya mlima, hewa nyepesi." Akaeleza polepole, jinsi alivyomweleza kila mteja. Kila mashine ya rola huulizwa hali ya hewa kabla ya kupima, kwa sababu injini ikivuta hewa ya moto au hewa nyepesi huchoka, na si haki kuihukumu kwa uchovu huo. Kwa hiyo kompyuta huihurumia na kuiongezea. Ukiidanganya kuhusu joto, itakuhurumia bure. "Hawa farasi wako hamsini na tatu wa ziada wametiwa chumvi tu, wifi. Hawana miguu."

Shoga aliyekuwa akipiga picha alicheka kabla ya kufikiri, kisha akafunga mdomo kwa kiganja. Wifi mtu hakucheka. Alimtazama yule shoga, akamtazama Fundi, na uso wake ukatulia kwa namna ambayo Fundi aliijua kutoka kwenye vikao vya ukoo. Mtu mwingine angepiga kelele. Huyu akinyamaza, jua kuna kisu kinanolewa.

"Sawa," alisema mwishowe. "Basi nitolee hizo mia nne hapahapa. Za kweli. Nimeshawaambia watu mia nne, na mimi sisemi uongo."

Basi kazi ikaanza. Na lazima isemwe kwamba Fundi aliifanya vizuri. Alifungua boneti, akakaza mpira wa hewa uliokuwa ukivuja pumzi, akasogeza feni kubwa mbele ya gari ili injini ipate ubaridi. Aliporudi kwenye kompyuta aliongeza mafuta kidogo pale kati, mahali ambapo mstari ulikuwa ukijikunja, akapunguza kule juu ambako injini ilikuwa ikilishwa zaidi ya njaa yake. Wifi yake akakanyaga. Mia tatu sabini na nne. Akaiongezea pumzi tabo, ile feni ndogo inayosukuma hewa ndani ya injini, si sana, nyongeza ya kiungwana tu. Wifi yake akakanyaga tena. Kijumba kizima kilitetemeka, kioo kikalia, harufu ya mpira wa moto ikajaa, na kompyuta ikasema mia tatu themanini na sita.

Fundi alitazama mstari ule akajua umefika. Ulikuwa umepanda mpaka juu bila kutikisika, kisha ukalala kidogo mwishoni, kama mtu aliyeshiba anavyosogeza sahani. Alivua hedifoni aliyokuwa akisikilizia injini.

"Hapa ndipo pake," alisema kwenye kidirisha. "Kwa petroli hii na pistoni hizi, gari yako imefika. Nenda nayo, itakupa raha mlima mzima."

"Bado kumi na nne."

"Hizo kumi na nne hazimo humu."

"Zimo. Mwenye gereji ile alisema mnaweza kuwahisha cheche."

Hapo ndipo shida ilipokuwa, kwa sababu alisema kweli. Cheche ya plagi ikiwahishwa kidogo, yaani mafuta yakiwashwa mapema zaidi pistoni ikiwa bado inapanda, nguvu huongezeka. Mafundi huiita taimingi. Huongezeka mpaka mahali fulani, na baada ya hapo mafuta hayangoji tena kuwaka kwa adabu, hulipuka yenyewe, na mlipuko unaipiga pistoni kichwani kama nyundo. Injini inayopigwa hivyo haifi palepale. Inaweza kukupa namba nzuri kuliko zote za maisha yake, kisha ikapasuka siku nyingine, kwenye kona, ikamwaga oili chini ya tairi zake zenyewe.

Na kwenye kona hizo wifi mtu hangekuwa peke yake. Pembeni yake angeketi mdogo wake, mume wa Fundi, karatasi ya njia magotini, akimsomea dada yake kona moja baada ya nyingine: kushoto kali, kulia ndefu, usikate. Walikuwa wakishindana pamoja hivyo kabla hata Fundi hajajulikana. Ndiyo saa pekee, wifi mtu alipenda kusema, ambayo mdogo wangu bado ananisikiliza.

Fundi aliyasema hayo yote, ya nyundo na ya pistoni. Aliyasema kwa maneno mepesi. Mwisho akaongeza, "Ngoma ikilia sana haikawii kupasuka, wifi."

"Na isiyolia ni gogo," wifi yake alijibu. Mashoga wakaguna kwa kupendezwa. Na kwa kuwa walipendezwa, akaendelea. Aliinamisha kichwa hadi kwenye dirisha la gari, akasema kwa sauti ya upole, karibu ya huruma: "Najua kwa nini unaogopa. Wewe umezoea kupunguza. Nilikupa mdogo wangu mtu mzima, anacheka, ana rafiki, ana mwili. Ukampunguza, ukampunguza, leo hata kuja kwangu mpaka aage kama mtoto wa shule. Sasa umefika kwenye gari yangu. Weka taimingi, fundi. Kazi yako ni kugeuza spana, siyo kunishauri."

Hakusema "wifi". Alisema "fundi".

Mashoga waliacha kupiga picha. Fundi alihisi masikio yanawaka. Angeweza kuzima kompyuta, angeweza kuwafungulia mlango wote watatu, na mwenye gereji asingemlaumu. Badala yake alirudi kwenye kiti, akaandika taimingi mpya, akaiwahisha kwa nyuzi tatu nzima, wakati yeye mwenyewe hajawahi kuthubutu zaidi ya moja kwenye injini ya namna ile. Mwenyewe alishangaa.

"Tayari," alisema.

Gereji ile ilikuwa na sheria moja ya rola, nayo ilikuwa ya zamani kuliko kompyuta. Injini hufungwa kidude cha kunasa sauti ubavuni, na fundi huisikiliza kwa hedifoni, kwa kuwa aliye ndani ya gari, na kelele ile yote, hawezi kusikia injini inapoanza kupigwa. Dereva hukanyaga, lakini macho yake hayatazami saa za gari. Hutazama mkono wa fundi nyuma ya kioo. Mkono ukipanda, mguu unatoka. Hapana kuuliza, hapana sekunde moja zaidi, hata dereva awe nani. Wifi mtu, pamoja na maneno yake yote, alikuwa dereva wa kweli na sheria hiyo aliifuata. Asubuhi nzima hakuuacha mkono ule kwa macho.

Akaweka gia ya nne. Akakanyaga.

Rola zikaanza kulia, chini kwanza, kisha juu, kisha juu zaidi. Mstari ukachomoza kwenye skrini na kupanda. Ndani ya hedifoni injini iliunguruma safi, na Fundi, aliyekuwa ameuma meno, karibu atamani iendelee hivyo hadi mwisho. Kisha akasikia kokoto moja. Ndivyo inavyosikika, kokoto moja ndani ya kopo. Tik.

Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya meza.

Kokoto ya pili. Ya tatu. Kisha kokoto tele, kopo limeshikwa linatikiswa, na sauti ile hakuna fundi anayeweza kuikosea, hata akiwa usingizini. Mbele yake, nyuma ya vioo viwili, macho ya wifi yake yalikuwa yamekaza kwenye mkono ule. Macho makubwa, makavu, yanaamini. Hapakuwa na chuki ndani yake wakati ule, kwa sababu dereva aliye kwenye rola hana nafasi ya kuchukia. Alikuwa akingoja tu kuambiwa.

Fundi aliutazama mkono wake mwenyewe. Akausikia mzito. Akafikiri, ipasuke. Ipasuke hapahapa mbele ya mashoga zako, moshi ukufunike, utoke humo unakohoa. Alilifikiri wazo hilo lote hadi mwisho wake, na lilikuwa tamu, tamu kabisa, na mkono ukabaki mezani.

Mstari ukafika juu. Wifi yake akatoa mguu mwenyewe, mbio zilipokwisha.

Hakuna kilichopasuka. Rola zikapunguza kilio, feni ikabaki ikivuma, na kwenye skrini namba ikatulia: mia nne na tatu.

Mashoga walirukaruka. Wifi mtu alifungua mikanda, akatoka garini, akaja mbio mpaka ndani ya kijumba ambamo wateja hawaruhusiwi, na kabla Fundi hajavua hedifoni vizuri alimkumbatia. Alimkumbatia kwa nguvu, grisi na yote, blauzi yake nyeupe ikaingia doa. "Wifi yangu," alimwambia shingoni. "Wifi yangu mwenyewe. Hakuna fundi kama wewe, nitamwambia kila mtu." Miaka yote ya ndoa hakuwahi kumgusa zaidi ya ncha za vidole.

Fundi alisimama ndani ya mikono ile kama mtu aliyevishwa nguo ya mwenziwe. Maneno yalikuwa kinywani, mafupi tu: injini imepigwa, usiiwashe. Aliyashika. Akajiambia atayasema mashoga wakiondoka. Mashoga wakaondoka kutangulia kutangaza habari, na hakuyasema. Wifi mtu alichapisha ule mchoro wa mistari, akaubandika kwa utepe wa gundi kwenye kioo cha gari, akausimamia kama anayengoja kupigwa picha, na Fundi akamwona kwa mara ya kwanza anavyofanana na mume wake anapofurahi. Ndipo aibu ilipomshika, aibu ya kweli.

Mume wake aliingia kwa mlango wa nyuma, helmeti kwapani. Gereji ilikuwa imeshafunga kazi mapema, kwa kuwa ilikuwa Jumamosi, mafundi wengine wameondoka. Aliwasalimia wote wawili kwa uangalifu wake uleule wa siku zote, sentensi moja huku, sentensi moja huko, zenye urefu sawa, mtu aliyezoea kugawa mkate mbele ya wagomvi.

"Twende mlimani," dada yake alimwambia. "Sasa hivi, barabara haina watu. Nataka uisikie ikipanda na mia nne."

Mume alikuwa ameshafungua mlango wa abiria. Alikuwa ameshainamisha kichwa kuingia.

Fundi alipita upande wa dereva, akaingiza mkono dirishani, akachomoa ufunguo.

"Gari haitoki," alisema.

Wifi mtu aliutazama ufunguo, kisha akacheka kidogo kwa pua. "Nilijua," alimwambia mdogo wake. "Nilijua haitapita saa. Ameona nimefurahi. Unamwona mkeo? Mwambie anipe ufunguo wangu."

"Mpe, mama," mume alimwambia mkewe kwa uchovu. "Kama kuna tatizo tutalizungumza kesho."

"Ukiingia humo hakuna kesho ya kuzungumza."

Labda ni sauti yake iliyomsimamisha. Mume alimwangalia, kisha akageuka kwenye kile alichoweza kukitazama bila kuonekana anachagua upande: mchoro uliobandikwa kioo. Alikuwa akijua kuusoma. Enzi za uchumba wao hawakuwa na mahali pa kukaa ila kwenye kijumba kile, na alijifunza mistari ya rola kama wengine wanavyojifunza majina ya nyota. Aliufuata mstari wa nguvu kwa kidole, ukipanda, ukipanda, laini, na kule juu karibu na namba kidole kikasimama.

"Hizi ni nini?"

Zilikuwa ndogo. Mtu mwingine angesema kalamu ilitetemeka. Mstari ulikuwa umeota meno mwishoni, meno mafupi kama ya msumeno wa chuma, pale ambapo nguvu ilikuwa ikiruka na kuanguka, ikiruka na kuanguka.

"Hiyo ni nguvu," dada yake alisema. "Mia nne na tatu, soma."

Fundi alichukua spana ya plagi, akafungua boneti, akaitoa plagi ya silinda ya tatu, inayoungua kuliko zote kila mara. Ilikuwa ya moto; aliishika kwa kitambaa. Akaigeuzia mwanga. Kwenye kauri nyeupe ya ncha yake kulikuwa na vipunje vinavyometa, kama chumvi laini. Havikuwa chumvi. Ilikuwa pistoni, imeanza kuliwa, na vipande vyake vimerukia plagi.

Aliwapa. Wifi mtu aliipokea yeye, na kwa kuwa alikuwa ameshinda na kushindwa na magari miaka mingi, hakuhitaji maelezo. Aliitazama kwa muda mrefu. Rangi ilimtoka usoni.

"Imepigwa," alisema.

"Imepigwa," Fundi aliitikia.

Mume aliutazama mchoro tena, akaitazama hedifoni iliyokuwa juu ya meza nyuma ya kioo. Aliuliza taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi gizani.

"Ulisikia?"

Angeweza kusema kelele zilikuwa nyingi. Angeweza kusema kidude cha kunasa sauti kililegea, hulegea. Wote wawili wangemwamini, hata wifi yake, kwa sababu hakuna fundi anayefanya kinyume, haijawahi kutokea.

"Nilisikia."

"Na mkono?"

"Ulikuwa mezani."

Wifi mtu aliinua uso. Fundi alingoja atukanwe, na alitamani atukanwe, kwa kuwa tusi angejua pa kuliweka. Lakini wifi yake alikuwa akimtazama jinsi alivyokuwa akimtazama kutoka garini, macho makavu, yamekaza.

"Nilikuwa nakuangalia," alisema. "Nilikuwa nakuangalia wewe tu."

"Najua."

"Ulitaka kuniua?"

"Kukuumbua. Kuua sikufikiri." Akakunja kitambaa alichokuwa amekishika. "Nilifikiri baadaye."

Mume aliweka helmeti juu ya meza ya vyuma. Aliiweka polepole, akahakikisha haibingiriki. Alikuwa mpole, kila mtu alimsifu kwa upole, na hawa wawili walikuwa wameutumia upole huo kama kamba ya kuvutana. "Nilikwambia usimpe namba anazotaka," angeweza kumwambia mmoja. "Nilikwambia umwache mke wangu," angeweza kumwambia mwingine. Hakusema hayo.

"Mmoja kataka namba, mwenzake kampa," alisema. "Mimi mlitaka nikae wapi?"

Wakamsubiri aendelee. Akatoka kwa mlango aliojia, kwa miguu, bila kuubamiza. Wakamsikia akivuka kokoto za uani, kisha wasimsikie.

Hakuna aliyemkimbilia. Kila mmoja, nadhani, alikuwa akingoja mwenzake aanze, ili amfuate amzuie.

"Ifungue," wifi mtu alisema.

"Jumatatu. Mafundi wakiwepo."

"Leo. Nataka kuona kilichomo ndani. Nataka kuona kwa macho yangu ulichonifanyia."

"Na ulichojitakia."

"Na nilichojitakia," wifi yake alisema, kama anayetema. "Ifungue."

Injini isingeweza kuwashwa. Vipunje vile vingesaga kilichobaki. Banda la kufungulia injini lilikuwa ng'ambo ya ua, juu ya mwinuko mfupi wa zege, na kawaida vijana wanne ndio hulisukuma gari hadi huko wakiimba na kutaniana. Walikuwa wawili. Fundi alifunga breki za rola, akafungua mikanda ya sakafuni mmoja mmoja, akaweka gia huru. Wifi mtu alivua viatu vyake virefu. Alisimama kando ya mlango wa dereva uliofunguliwa, mkono mmoja kwenye usukani, bega kwenye nguzo ya mlango. Fundi alikwenda nyuma, akaweka viganja viwili juu ya chuma bado cha moto.

Kwenye tambarare lilikwenda vizuri. Hawakuhesabu moja-mbili-tatu, lakini walisukuma pamoja. Lilipogusa mwinuko likawa zito. Fundi alishusha kichwa, akakunja magoti, akasukuma hadi mapaja yakatetemeka. Wakapanda nusu. Kisha gari likasita, likasimama, na uzito wake wote ukaanza kuwarudia.

"Shika," wifi mtu alisema.

"Nimeshika."

Hapakuwa na jiwe la kuweka. Fundi hakuweza kukwepa pembeni. Kiatu chake kimoja kilikuwa kimeteleza chini ya bampa na mguu wa pili ndio uliobeba kila kitu. Breki ya mkono ilikuwa ndani, kati ya viti viwili, na wa kuifikia alikuwa mmoja. Lakini ili aifikie ilibidi kwanza bega litoke kwenye nguzo, na kwa muda wa kuinama kule kuingia ndani, gari zima lingebaki juu ya mikono ya aliye nyuma.

Wifi mtu alikuwa ameshaliona hilo. Fundi alijua kwamba ameliona, kwa kuwa aligeuza shingo, polepole, shavu limebanwa kwenye paa la gari, akamtazama.

"Nikiachia?" aliuliza. Sauti haikuwa ya ukali. Ilikuwa ya mtu anayetaka kujua.

Jasho lilikuwa limemwingia Fundi machoni na hakuwa na mkono wa kulifuta. "Sitaweza kulizuia," alisema.

Wifi yake aliitikia kwa kichwa, kwamba amesikia. Hakuachia, na hakuondoa macho. Gari lilisimama pale katikati ya mwinuko, halipandi wala halishuki, na upande huu na upande ule wakasikia wanavyohema.